Wiki Mbili za Kasumbalesa

Mdogo wangu alinipigia simu saa tano usiku. Kwa kawaida akitaka kitu hutuma ujumbe wa sauti wa sekunde nane, kwa hiyo nilipoona anapiga nikajua kuna jambo. Hata salamu hakutoa.

"Dada, wewe si mwalimu wa hesabu? Hebu nipigie hesabu moja."

Mdogo wangu ni dereva wa malori ya masafa. Anapakia bandarini Dar es Salaam, anavuka Tunduma, anaikata Zambia, anaingia Kongo kwa mpaka wa Kasumbalesa hadi Lubumbashi, halafu anarudi na shaba. Madereva wa njia ile watakwambia Kasumbalesa si mpaka, ni makazi. Foleni yake inakuweka mpaka unajua majina ya watoto wa mama anayekuuzia chai. Safari hiyo alifika nyumbani Mbagala tarehe 12 Machi. Tarehe 23 Aprili mkewe, wifi yangu, akaenda kupima altrasaundi, akarudi na karatasi iliyoandikwa mimba ya wiki nane.

"Kuanzia tarehe 12 Machi mpaka leo ni wiki ngapi?"

"Sita kamili."

"Karatasi inasema nane. Wiki nane zilizopita mimi nilikuwa Kasumbalesa, dada. Risiti za maegesho ninazo."

Nilicheka, na kucheka kwangu kukamuudhi. Lakini sikumcheka yeye. Swali lake nimelikuta mitandaoni mara nyingi mno, kila mara limeandikwa na mwanamume mwingine, usiku usiku kama yeye, na chini yake watu wamejazana kumwambia kaka umebambikiwa, kimbia. Sijui ni ndoa ngapi zimeingia doa kwa ajili ya wiki mbili ambazo hazikuwahi kuwepo.

Nikamwambia akae chini, asimwambie mkewe hata neno moja, anisikilize.

Umri wa mimba hauhesabiwi tangu ilipotungwa. Unahesabiwa tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Daktari akikwambia mimba ina wiki nane, katika wiki mbili za mwanzo hapakuwa na mimba yoyote: palikuwa na hedhi, kisha yai likawa linakomaa polepole, likapevuka karibu na siku ya kumi na nne. Mtoto mwenyewe ana wiki sita. Wifi alianza siku zake tarehe 26 Februari, mumewe yuko Kasumbalesa anasukumana na foleni. Siku kumi na nne baadaye ni tarehe 12 Machi, lori limeegeshwa Mbagala. Mengine ni ya kwao wenyewe.

"Kwa hiyo zile wiki mbili ni za nani?"

"Si za mtu. Ni za hesabu."

Akanyamaza kidogo. "Hesabu gani hiyo inaanza kabla ya kitu chenyewe hakijakuwepo?"

Nimefundisha sekondari miaka kumi na kitu, na nakiri ni swali bora kuliko mengi ninayoulizwa darasani. Tena lilinigusa, kwa sababu hesabu hiyohiyo iliwahi kunitesa mimi, nikiwa na kalamu mkononi na shahada ya hisabati kabatini.

Jibu fupi ni kwamba damu inaonekana na yai halionekani. Mwanamke anaweza kukwambia siku zake zilianza lini. Siku yai lilipopevuka hakuna aliyepiga kengele. Hata ukijua siku mliyokutana bado hujajua siku mimba ilipotungwa, maana mbegu za mwanamume zinaweza kuishi tumboni hadi siku tano zikilisubiri yai, na yai lenyewe likishatoka haliishi hata siku nzima. Kwa hiyo wakunga walishika kile kilichoonekana kwa macho na kukifanya kigingi, halafu wakavuta kamba kutoka hapo. Kigingi hicho kimekuwa mazoea kiasi kwamba hata wale waliopandikizwa mimba hospitalini, ambao siku ya yai lao imeandikwa kwenye faili, huongezewa wiki mbili za kufikirika ili hesabu yao ifanane na ya wenzao.

Kamba yenyewe ina urefu wa siku 280, ndizo wiki 40. Zilikotoka ndiko kunakonifurahisha. Herman Boerhaave, tabibu wa Leiden kule Uholanzi aliyefariki mwaka 1738, alifundisha namna ya kuihesabu mimba kutoka hedhi ya mwisho, na Mjerumani Franz Karl Naegele wa Heidelberg akaieneza mwanzoni mwa karne ya 19. Kanuni ikabaki na jina la Naegele: chukua siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, ongeza siku saba, rudi nyuma miezi mitatu, sogeza mwaka. Nyuma yake kuna dhana kwamba mimba huchukua miezi kumi ya mwezi wa angani, kila mmoja siku 28. Maandishi ya mabwana hao hayakuweka wazi kama kigingi kiwe siku ya kwanza ya hedhi au ya mwisho. Waliokuja baadaye ndio walioamua iwe ya kwanza. Hapo pekee pana tofauti ya siku nne tano, na imepitishwa kimyakimya.

Halafu mwezi wa siku 28! Mtu yeyote wa pwani aliyewahi kukaa juu ya paa kutafuta mwezi wa Idi atakwambia mwezi huandama kwa siku 29 au 30. Bibi yangu wa Pangani hakuwa na kalenda ya ukutani, lakini wajukuu wote tumezaliwa kwa hesabu yake. Alihesabu kwa mifungo, ile miezi ya Kiislamu inayoifuata Ramadhani. Mwanamke akimwambia siku zangu za mwisho niliziona mwanzo wa Mfungo Mosi, bibi alikunja vidole kimoja kimoja, Mfungo Pili, Mfungo Tatu, mpaka Mfungo Tisa, halafu akasema "Katikati ya Rajabu, Mungu akipenda." Nilipokuwa mkubwa nikaikagua hesabu hiyo. Siku 280 ukizigawa kwa 29 na nusu unapata miezi tisa na nusu. Kuanzia mwanzo wa Mfungo Mosi, miezi tisa na nusu inakutua katikati ya Rajabu. Bibi na Naegele walikuwa wanasema kitu kimoja, ila bibi hakulazimika kuukata mwezi.

Na hapa ndipo watu wanapochanganyikiwa na "miezi tisa" dhidi ya "wiki arobaini". Wanagawa 40 kwa nne, wanapata kumi, wanauliza mwezi mmoja umetoka wapi. Mwezi wa kalenda si wiki nne. Ukiondoa Februari, una siku mbili au tatu za ziada. Siku 280 ni miezi tisa na wiki moja hivi. Nimelieleza hili kwenye vikao vya harusi, kwenye daladala, na mara moja msibani.

Kanuni ya Naegele yenyewe haitoi siku 280 kila wakati. Miezi ya kalenda haina urefu sawa, kwa hiyo "rudi nyuma miezi mitatu" inakupa siku 280 ukianzia Juni, lakini ukianzia Mei inaweza kukupa 283. Kwa wifi, aliyeanza tarehe 26 Februari, kanuni inasema 5 Desemba. Ukihesabu siku moja moja unapata 3 Desemba. Kile kiduara cha karatasi ambacho manesi huzungusha kliniki nacho kina tabia zake: chukua viduara viwili vya watengenezaji tofauti, vinaweza kupishana kwa siku kadhaa. Siku mbili tatu si kitu, utasema. Kweli. Yangu mimi hazikuwa siku mbili.

Mwaka 2018 nilianza siku zangu tarehe 13 Juni, mwishoni mwa Ramadhani. Tarehe hiyo sikuhitaji kuiandika popote. Mwanamke wa Kiislamu akiingia mwezini ndani ya Ramadhani anafungua, na kila siku aliyokula ni deni atakalolilipa baadaye. Mimi nilidaiwa siku zile za mwisho kabla ya Idi, na deni la funga halisahauliki kama deni la dukani. Nilipokwenda kliniki kwa mara ya kwanza, 31 Oktoba, nesi akaniuliza siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho na nikaitaja papo hapo. Akanitazama kwa mshangao, nadhani wengi humjibu "mwezi wa sita hivi". Akazungusha kiduara, akaandika kwenye kadi: matarajio ya kujifungua, 20 Machi. Akanilaza kitandani, akapapasa kimo cha mimba, akasema kipo kidole kimoja chini ya kitovu. Akaandika.

Kitu kimoja hakuniuliza, na mimi sikujua kwamba kina maana. Mzunguko wangu si wa siku 28. Ni wa siku 35, tangu usichana.

Hesabu yote ya siku 280 imejengwa juu ya mwanamke wa siku 28, anayepevusha yai siku ya kumi na nne. Kipande cha mzunguko kinachokuja baada ya yai kupevuka hakibadiliki sana, ni wiki mbili hivi kwa wengi; kinachorefuka au kufupika ni kile cha mwanzo. Mwenye mzunguko wa siku 35 yai lake hupevuka karibu na siku ya 21. Mimba yangu kwa hiyo ilitungwa wiki moja baada ya vile kiduara kilivyodhani, na tarehe yangu ya haki ilikuwa 27 Machi. Kile kidole kimoja chini ya kitovu kilikuwa kinasema hivyohivyo: mfuko wa uzazi hufika usawa wa kitovu kwenye wiki ya 20 au zaidi kidogo, na mimi kwa kweli nilikuwa na wiki 19. Tumbo lilisema ukweli na kadi ikauandika bila kuusikiliza.

Tarehe 30 Januari nilishikwa na maumivu ya kiuno, nikapelekwa kupiga altrasaundi katika kituo kimoja. Kwa kadi nilikuwa na wiki 33. Mashine ikatoa wiki 35 na siku mbili. Mtoa huduma akachukua kalamu nyekundu, akakata 20 Machi, akaandika 4 Machi. Nami nilifurahi! Nani aliyechoka na tumbo atakataa kupunguziwa siku 16?

Sasa tuseme kidogo kuhusu mashine hiyo. Ian Donald, daktari wa uzazi wa Glasgow, alianza miaka ya 1950 kwa kuazima mashine ya kiwandani iliyotumika kutafuta nyufa ndani ya chuma, na mwaka 1958 yeye na wenzake wakachapisha picha zao za kwanza katika jarida la Lancet. Mwaka 1973, hukohuko Glasgow, Hugh Robinson akaonyesha jinsi ya kumpima mtoto mchanga kabisa wa tumboni kutoka utosini hadi matakoni na kuutambua umri wake kwa urefu huo. Mtoto wa wiki nane, kama yule wa mdogo wangu, ana milimita 16 hivi, sawa na haragwe. Katika miezi mitatu ya mwanzo watoto wote wa binadamu hukua karibu kwa kasi moja, wa tajiri na wa maskini, wa mama mrefu na wa mama mfupi. Ndiyo maana kipimo cha wakati huo hukosea kwa siku tano hadi saba tu.

Baadaye kila mmoja anafuata ukoo wake. Kwenye miezi mitatu ya mwisho mashine inapima kichwa, mzingo wa tumbo na mfupa wa paja, halafu inaulinganisha na wastani wa watoto wengine na kusema: mwenye paja hili kwa kawaida ana wiki 35. Haijui umri wa mtoto wako. Inajua ukubwa wake, na inaugeuza ukubwa kuwa umri. Mtoto mkubwa anasomeka mzee, mtoto mdogo anasomeka mchanga, na kosa linafika wiki tatu au zaidi, mbele au nyuma. Utaratibu unaokubalika ni kwamba tarehe iliyowekwa mapema haifutwi na kipimo cha mwishoni; kipimo cha mwishoni kinatumika kuangalia kama mtoto anakua vizuri. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake wa kliniki ya wajawazito mwaka 2016 lilipendekeza altrasaundi moja kabla ya wiki ya 24, na sababu mojawapo ni hii ya kukadiria umri. Mimi nilipimwa mara ya kwanza wiki ya 33. Kwa kujua tarehe, nilichelewa mno. Kwa kupotoshwa, nilifika kwa wakati.

Kalamu nyekundu ikaanza kufanya kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mzazi likizo ya siku 84, za mtoto mmoja, na inamruhusu kuianza wiki nne kabla ya tarehe anayotarajiwa kujifungua. Nilikuwa nafundisha shule ya binafsi, nikapeleka barua ya pili yenye tarehe mpya, na 4 Februari nikakaa nyumbani. Nikafua nguo za mtoto. Nikazifua tena. Ikaja 4 Machi, ikapita. Mama mdogo akaja kutoka Muheza na mzigo wa ndizi na kanga, akakaa wiki, ndizi zikaiva zikaisha. Majirani wakaanza kuniuliza dirishani kama nimebeba mtoto wa tembo.

Tarehe 18 Machi, kwa hesabu ya kalamu nyekundu, nilitimiza wiki 42. Hapo mimba inahesabiwa kuwa imepitiliza, na naomba nieleweke: hilo si jambo la kuchezea. Baada ya wiki 42 kondo la nyuma linaweza kuanza kuchoka, na hatari ya mtoto kufia tumboni inapanda. Daktari aliyesema niingie wodini nianzishiwe uchungu alikuwa sahihi kabisa kwa karatasi aliyokuwa nayo. Kosa lilikuwa kwenye karatasi.

Wodini palikuwa na mkunga mmoja mtu mzima, mwenye miwani iliyofungwa uzi, ambaye nadhani alikuwa amebakiza miezi kustaafu. Alinipima njia, akasema mlango umefunga kama wa benki siku ya Jumapili. Akaichukua kadi yangu akaisogeza dirishani. Akaisoma kwa muda mrefu, kuliko kadi yangu ilivyowahi kusomwa.

"Mwanangu, hapa chini ya wino mwekundu pana nini?"

"Tarehe 20 Machi, shikamoo mama." Nilikuwa na hofu mpaka nikatoa salamu katikati ya sentensi.

"Marahaba. Na siku zako unaziona kila baada ya siku ngapi?"

"Thelathini na tano."

Hakusema kitu. Akahesabu vidoleni, kwa vidole kama bibi, akatazama ule mstari wa Oktoba wa kidole chini ya kitovu, akatazama vimo vya miezi iliyofuata, akaenda kumwita daktari. Walizungumza pembeni. Kwa hesabu ya mkunga nilikuwa na wiki 38 na siku tano. Wakasikiliza mapigo ya moyo wa mtoto, wakaangalia maji ya uzazi, vyote vizuri. Nikaruhusiwa kurudi nyumbani, kwa masharti: nihesabu mtoto anavyocheza kila siku, nirudi kila baada ya siku mbili, na akipunguza kucheza nisisubiri mapambazuko.

Binti yangu alizaliwa Ijumaa ya tarehe 29 Machi, uchungu umekuja wenyewe, kilo 4.1. Kwa wino mwekundu alikuwa amechelewa siku 25. Mtoto aliyepitiliza kwa kiasi hicho hutoka na ngozi kavu inayobanduka; wangu alikuwa bado na utando mweupe kwenye mikunjo ya mapaja. Na zile kilo nne ndizo zilizoidanganya mashine mwezi Januari. Alikuwa mtoto mnene tu, kama mashangazi zake.

Likizo yangu iliisha 28 Aprili, mtoto ana siku 30. Nilijazia na likizo ya mwaka ili angalau nimalize wiki sita ambazo sheria hiyohiyo inasema mzazi asifanye kazi bila daktari kuthibitisha. Najua wenzangu wengi waliopoteza zaidi ya likizo. Tarehe ikisogezwa nyuma, mtoto njiti anaandikwa kuwa ametimia na hapati anachostahili. Sindano ya kukomaza mapafu inatolewa kwa mama anayetishiwa kujifungua kabla ya wiki ya 34; mwenye wiki 33 aliyeandikiwa 36 hatapewa. Mpaka wa unjiti ni wiki 37 zilizotimia, na kwenye kadi iliyokosewa mpaka huo unahamishwa kwa kalamu.

Tuseme basi kila kitu kimepimwa sawasawa. Je, siku hiyo mtoto atakuja? Mara nyingi hapana. Katika wajawazito ishirini, anayejifungua siku ileile iliyoandikwa ni mmoja tu, au hata huyo hayupo. Darasa langu moja lina wanafunzi 40, kwa hiyo nawaambia wawili kati yenu labda mlizaliwa siku yenu, waliobaki mlikuja mlipotaka. Mwaka 1990 watafiti wa Boston waliwachunguza wanawake weupe wenye afya waliokuwa wanabeba mimba ya kwanza, wakakuta katikati yao ni siku 288 tangu hedhi ya mwisho, yaani siku nane zaidi ya Naegele. Mwaka 2013 ukatoka utafiti mwingine wa Marekani uliohusu mimba 125 ambazo siku ya yai kupevuka ilijulikana kwa kupima homoni za mkojo. Hapo hapakuwa na cha kusingizia, kigingi kilikuwa cha kweli. Katikati ilikuwa siku 268 tangu yai lilipopevuka. Lakini hata walipowaweka kando waliojifungua kabla ya wakati, kati ya mimba fupi na ndefu kulikuwa na tofauti ya wiki tano. Wiki tano, kwa wanawake wenye afya, siku ya kuanzia inajulikana! Mimba hazina urefu mmoja, kama watu wasivyo na urefu mmoja.

Wanasheria walilazimika kukabili jambo hili zamani kabla ya mashine. Sheria ya Ushahidi ya Kenya, iliyofuata ile ya India ya mwaka 1872, inamhesabu mtoto aliyezaliwa ndani ya siku 280 baada ya ndoa kuvunjika kuwa ni wa mume yule, ikiwa mama hajaolewa tena. Ukiangalia vizuri utaona 280 ni namba ya kuanzia hedhi, na ndoa haivunjiki kwa hedhi; ukihesabu tangu mimba kutungwa wastani ni 266. Sheria imetoa nyongeza ya wiki mbili, sijui kwa ukarimu au kwa kuchanganya kama mdogo wangu. Wanazuoni wa Kiislamu nao walipiga hesabu ninayopenda kuitumia darasani. Aya moja ya Qurani inasema kubeba mimba na kunyonyesha ni miezi thelathini, nyingine inasema kunyonyesha ni miaka miwili. Thelathini ukitoa ishirini na nne ni sita. Kwa hiyo mimba fupi kabisa inayotambulika ni ya miezi sita. Upande wa juu vitabu vya Kishafi, ndiyo madhehebu yetu huku pwani, viliruhusu hadi miaka minne. Watu huicheka hiyo minne. Mimi naiona kama kisitiri: kadhi alikuwa anatafuta mlango wa kumwokoa mwanamke na mtoto wake dhidi ya hesabu ya mtu mwenye risiti za maegesho.

Haya yote sikumwambia mdogo wangu usiku ule, simu ingemwishia salio. Nilimwambia ya wiki mbili, nikampa na tarehe yake mwenyewe: ukitaka kuhesabu kuanzia siku uliyorudi, hesabu siku 266. Nikasikia anaandika. Akapata 3 Desemba. Karatasi ya wifi nayo ilikuwa na tarehe hiyohiyo, 3 Desemba.

"Sasa kama zinafika pamoja, si wangeanza tu nilipofika mimi?"

"Wakunga hawajui ulifika lini."

"Wangeniuliza."

Wifi alipata habari za simu ile baadaye, kwa mume wake mwenyewe, ambaye hajawahi kuweza kutunza siri zaidi ya wiki. Alimnunia siku nne. Kwangu alituma ujumbe mmoja tu, "Ahsante wifi," na sikujua nimelaumiwa au nimeshukuriwa, nikaona nisiulize.

Ilipofika Desemba mdogo wangu alikuwa njiani tena. Tarehe 3 ikapita, 5 ikapita, majirani wa Mbagala wakaanza mambo yao ya tembo. Mtoto wa kiume akazaliwa tarehe 9. Mdogo wangu alipata habari akiwa kwenye foleni, Kasumbalesa hapohapo, akanitumia ujumbe wa sauti wa sekunde nane, nyuma yake honi na mtu anauza maji.

"Dada, imekuwa wiki ngapi?"

Nikamwandikia: wiki 40 na siku sita.

Akajibu baada ya muda, nadhani alitafuta kwanza ile karatasi yake. "Kwangu mimi ni 38 na siku sita. Zile mbili nimeshasema sizitambui."